Baridi katika Njia ya Msafara: Mavazi, Malazi na Uhai wa Askari na Wapagazi Tangu Vita vya Tabora

Mtu akitamka neno baridi hapa Cheyo, wengi hutabasamu. Tabora inafahamika kwa jua, maembe, asali na vumbi la Septemba. Mji umesimama kwenye uwanda wa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hata wakati wa kipupwe, mwezi Juni na Julai, asubuhi yetu huwa ya nyuzi 15 hivi za Selsiasi. Hiyo si baridi ya kumtisha mtu aliyelala ndani ya nyumba akiwa ameshiba na amejifunika. Makala haya yanamhusu yule ambaye hayumo ndani ya nyumba, hajashiba, hajajifunika, na ambaye hana ruhusa ya kuondoka mahali alipo: askari, na zaidi yake, mpagazi wa askari.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa daktari wa mafunzo kwa vitendo, katika hospitali ambayo sitaitaja, usiku mmoja wa Desemba kijana aliyekuwa katika mafunzo ya mgambo aliletwa na wenzake. Walikuwa wametembea tangu alasiri, mvua ikawanyeshea kwa saa nyingi, na upepo ukafuata mvua. Kijana alikuwa akijikwaa, maneno yake hayaeleweki, na mmoja wa waliomleta alinong’ona kwamba huenda amekunywa. Nilimwekea kipimajoto cha zebaki kwapani. Zebaki haikupanda hata kidogo. Nikaandika kwenye faili: “hana homa”, nikaagiza apimwe malaria, nikaenda kwa mgonjwa mwingine. Muuguzi wa zamu, mama wa makamo aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi kabla yangu, aliweka kiganja chake juu ya tumbo la kijana yule, kisha akaniita. “Daktari, mwanangu, hebu shika hapa. Mtu hai hawi hivi.” Tumbo lilikuwa la baridi kama mtungi. Alikwenda mwenyewe wodi ya watoto njiti, akaleta kipimajoto kinachosoma joto la chini. Kilionyesha chini ya nyuzi 33.

Kosa langu lilikuwa na sehemu mbili. La kwanza ni la chombo: kipimajoto cha kawaida cha kliniki huanzia nyuzi 35, hivyo hakina uwezo wa kuonyesha joto lililo chini ya hapo. Zebaki isipopanda, haisemi kwamba mgonjwa hana homa. Inasema tu kwamba jibu liko nje ya kipimo. La pili ni la fikra, nalo ndilo baya zaidi. Niliamini kwamba mtu hawezi kufa kwa baridi katika Tabora.

Kumbe watu wamekufa kwa baridi katika njia zinazofika Tabora, na si wachache.

Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo, chini ya Jenerali Charles Tombeur, yaliingia mjini Tabora baada ya mapigano makali ya Lulanguru na Itaga. Wajerumani wa upande huu, wakiongozwa na Jenerali Kurt Wahle, walikuwa wameondoka. Historia hiyo hufundishwa kwa mishale kwenye ramani: Kigali ilitwaliwa tarehe 6 Mei, Kigoma tarehe 28 Julai, kisha Tabora. Daktari akiitazama ramani hiyohiyo huona kitu kingine, yaani mwinuko. Safu ya kaskazini ilianzia Kivu, ikapita katika nyanda za juu za Rwanda mwezi Aprili na Mei, wakati masika hayajaisha, ikashuka kupitia Biharamulo hadi Unyamwezi. Ziwa Kivu lenyewe lina mwinuko wa mita 1,460 hivi, na safu ya milima inayogawa maji ya Kongo na ya Nili hupanda kupita mita 2,500. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Waliobeba mizigo ya jeshi hilo walikuwa zaidi ya laki mbili kwa jumla ya vita, na wengi wao walitolewa katika mabonde ya joto ya Kongo. Mtu aliyezaliwa mahali ambapo usiku haupungui nyuzi 20 alijikuta akilala juu ya udongo uliolowa, kwenye upepo wa mlimani, na nguo moja ya pamba.

Upande wa Waingereza hali haikuwa njema zaidi. Aprili 1916 kikosi cha van Deventer kilikwenda Kondoa Irangi katika mvua kubwa. Farasi wakafa, magari yakakwama, na askari wakafika wamelowa na wana njaa. Wahle naye alipoondoka Tabora alielekea kusini mashariki, na kati ya Oktoba na Novemba watu wake walikuwa wakipigana katika nyanda za juu za Iringa na Njombe. Lupembe ilishambuliwa katikati ya Novemba, na sehemu ya kikosi hicho ikajisalimisha Ilembule tarehe 26 Novemba 1916. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wengi katika askari na wapagazi wa Kijerumani. Basi tusisahau kwamba katika baridi ile ya Njombe walikuwamo watu wa huku kwetu.

Hesabu rasmi ya Waingereza ilitaja wapagazi zaidi ya 95,000 waliokufa katika utumishi wao. Jina la kikosi chao limebaki Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi. Risasi iliua wachache kati yao. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu, ile iitwayo kichomi. Vyeti vya vifo havikuandika “baridi”, na hapo ndipo msomaji wa kitabibu anapaswa kusimama. Baridi mara chache huua peke yake katika nchi kama yetu. Huufungulia mlango ugonjwa mwingine.

Mwili wa binadamu hulinda joto la ndani lisitoke nyuzi 37 kwa njia mbili kuu. Kwanza hubana mishipa ya damu ya ngozi, mikono na miguu, ili damu yenye joto ibaki kifuani na tumboni. Pili hutetemeka. Kutetemeka ni kazi ya misuli isiyo na faida nyingine ila joto, na kunaweza kuongeza joto linalozalishwa mara kadhaa. Lakini kazi hiyo hulipiwa kwa chakula. Mtu ambaye hajala tangu jana, au anayeharisha kila saa, hana cha kulipia. Atatetemeka kwa muda, kisha ataacha. Askari akiacha kutetemeka bila kupashwa joto, wenzake hudhani amepata nafuu. Ukweli ni kinyume chake: joto la ndani linakaribia nyuzi 32, akili inafifia, ulimi unakuwa mzito, na mtu huonekana kama mlevi. Likishuka chini ya nyuzi 28 moyo huweza kusimama kwa sababu ya mtikisiko mdogo tu.

Maji ndiyo adui mkubwa kuliko hewa. Maji huchukua joto la mwili haraka mara 25 hivi kuliko hewa ya baridi ileile. Kwa hiyo nyuzi 17 za usiku mkavu na nyuzi 17 za usiku wa mvua na upepo ni mambo mawili yasiyolingana kabisa, ingawa kipimo cha ukutani kinaonyesha namba moja. Nguo yenyewe haina joto. Inachofanya ni kunasa hewa iliyotulia karibu na ngozi. Pamba ikilowa, maji huchukua nafasi ya hewa hiyo, nguo hugandamana na mwili, na mvaaji huwa afadhali angekuwa uchi mahali pakavu. Sufu ikilowa hubakiza sehemu ya hewa katika nyuzi zake zilizojikunja, ndiyo maana blanketi la sufu lilithaminiwa mno jeshini. Kaki ya askari wa 1916 ilikuwa ya pamba. Nguo ya mpagazi, kama alikuwa nayo, ilikuwa ya pamba vilevile.

Kuhusu kichomi, tunao ushahidi wa zama zilezile kutoka mahali pengine. Katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, vibarua walioletwa kutoka nchi za joto walikufa kwa homa ya mapafu kwa wingi uliotisha hata mwaka 1913 serikali ikapiga marufuku kuwaajiri watu wa kaskazini ya latitudo ya 22 kusini. Mwaka 1911 Almroth Wright alikuwa ameitwa kutoka Uingereza kujaribu chanjo dhidi ya vimelea vya pneumokoka. Maelezo yaliyopendwa siku zile yalikuwa ya rangi: kwamba mapafu ya Mwafrika ni dhaifu. Leo twajua kwamba mtu aliyetoka kijiji chenye watu wachache, akalazwa katika chumba kilichojaa watu na moshi, akiwa na njaa, uchovu na nguo zilizolowa, atapata kichomi awe wa rangi yoyote. Baridi hupunguza uwezo wa njia za hewa kufagia vimelea, msongamano huvileta vipya, na njaa humnyima mgonjwa nguvu za kupambana. Walioongoza vita vya 1916 walifanya miaka mitatu tu baada ya marufuku ile kitu kilekile kilichopigwa marufuku.

Sasa kuna jambo ambalo nimelitafakari sana nikipita kwenye miembe mikongwe ya hapa mjini. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wamevuka nchi kati ya Tabora na pwani kwa miongo mingi kabla ya vita hivyo, na walijua baridi. Burton, aliyepita mwaka 1857, alieleza kivuko cha Rubeho katika milima ya Usagara kuwa ni njia ya upepo, na jina lenyewe linafanana na neno mbeho, ambalo Wanyamwezi na Wasukuma hulitumia kwa baridi hadi leo. Je, waliwezaje kuvuka? Msafara ulipofika kambini, aghalabu kabla ya jua kuwa kali, kazi ya kwanza ilikuwa kujenga. Walikata matawi, wakasimamisha vibanda vidogo, wakaviezeka nyasi, wakatandika nyasi kavu chini, wakawasha moto, wakalala wamebanana. Ukiyachunguza kwa jicho la fiziolojia, hakuna hata jambo moja lililokosewa. Kibanda kidogo huzuia upepo. Nyasi chini ya mgongo huzuia udongo usinyonye joto, na mtu aliyelala chini hupoteza joto jingi kwa udongo. Miili iliyobanana hupunguza eneo la ngozi lililo wazi.

Maarifa hayo hayakupotea mwaka 1916; walikuwapo watu wale wale, au watoto wao. Kilichopotea ni uamuzi juu ya muda. Msafara wa biashara ulipanga mwendo wake wenyewe, na wapagazi waliweza kugoma kiongozi akizidisha. Safu ya jeshi iliongozwa na saa ya jenerali: walifika usiku, katika mvua, hawakuruhusiwa kuwasha moto karibu na adui, na alfajiri waliamshwa. Kwa maoni yangu, kosa kubwa la vita vile katika habari ya baridi halikuwa uhaba wa mablanketi, ingawa uhaba ulikuwapo. Lilikuwa kumnyima mtu saa mbili za mchana za kujitengenezea malazi.

Mataifa yenye majira ya baridi kali yamekosea vilevile, na kwa uchungu mkubwa. Katika majira ya baridi ya 1914 na 1915 Waingereza walipata wagonjwa zaidi ya 20,000 wa miguu ya mahandaki, maradhi ambayo hayahitaji barafu; miguu iliyokaa siku kadhaa ndani ya maji ya nyuzi 5 au 10, katika viatu vilivyobana, hufa ganzi, huvimba, na huweza kuoza. Tiba iliyofanikiwa ilikuwa ya nidhamu: kila askari abadilishe soksi kila siku, akaushe miguu, aipake mafuta, na ofisa awajibike kwa miguu ya watu wake. Mwaka 1941 Wajerumani walifika karibu na Moscow wakiwa na mavazi ya kiangazi kwa sababu waliamini vita vitakwisha kabla ya theluji, na reli zilipaswa kuleta risasi na mafuta kwanza; zaidi ya askari 100,000 waligandishwa viungo. Wafini, katika vita vya 1939 na 1940, walikuwa maskini wa silaha lakini kila kundi lilikuwa na hema lenye jiko, sufu ya kutosha, na viatu vipana vya kuingiza soksi mbili. Kiatu kinachobana huzuia damu, na damu ndiyo joto lenyewe.

Hapo tunapata kanuni ya mavazi ambayo majeshi mengi huifuata leo: tabaka tatu. La ndani ni jembamba na hutoa jasho nje. La kati, sufu au kitambaa kama hicho, hunasa hewa. La nje huzuia upepo na mvua. Asichokijua askari mgeni ni kwamba lazima avue tabaka la kati anapopanda mlima na mzigo, hata kama anahisi ubaridi mwanzoni, kwani jasho litakalololoesha nguo hiyo mchana ndilo litakalomgharimu usiku. Alale na nguo kavu aliyoihifadhi ndani ya mfuko usiopenya maji, na asubuhi avae tena ile iliyolowa. Ni adhabu, lakini ndiyo njia. Na kwa wale wanaoamini kwamba nusu ya joto la mwili hutokea kichwani: si kweli, ni sehemu moja ya kumi hivi. Kofia ni muhimu kwa sababu kichwa aghalabu ndicho pekee kilichoachwa wazi.

Jambo hili halikuishia kwa babu zetu. Tangu 2013 askari wa Tanzania wamelinda amani katika Kivu, milima ileile ya 1916. Wamekuwa pia Darfur, ambako usiku wa Desemba na Januari ni wa baridi kali kinyume na mchana wake, na Lebanon. Vijana wa Afrika Mashariki wanaojiunga na jeshi la Uingereza hufanya mazoezi kwenye theluji. Takwimu za majeshi ya Marekani na Uingereza zinaonyesha kwamba askari wenye asili ya Kiafrika hupata majeraha ya baridi ya mikono na miguu mara kadhaa zaidi ya wenzao. Inaelekea kwamba mishipa ya vidole vyao, ikishabanwa na baridi, huchelewa kufunguka tena. Hiyo si sababu ya kumdharau mtu wala ya kumnyima kazi. Ni sababu ya kumpa glavu bora mapema, na kumsikiliza anaposema vidole vimekufa ganzi badala ya kumwita mvivu.

Wala tusiende mbali. Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge kileleni Kilimanjaro usiku wa Uhuru, Desemba 1961, katika baridi ya chini ya sifuri. Mlima huohuo leo hupandwa na maelfu ya wapagazi wa watalii, na bado liko shirika, lile la kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, linalowaazima makoti na viatu kwa sababu wengine hufika langoni wakiwa na fulana tu. Mpagazi wa mtalii na mpagazi wa Kariakoo hawako mbali sana katika kitabu cha daktari.

Nirudi kwa kijana wa mgambo, kwani matibabu yake ndiyo ningependa msomaji ayashike. Tulimvua nguo zote zilizolowa, kwa mkasi, bila kumgeuzageuza, maana moyo uliopoa haupendi mtikisiko. Tulimkausha kwa kumpangusa taratibu, tukamfunika mablanketi hadi kichwani, tukaweka chupa za maji moto zilizofungwa khanga kwapani na kwenye kinena, si miguuni. Ukipasha miguu kwanza, mishipa ya ngozi hufunguka, damu ya baridi hurudi moyoni na shinikizo hushuka. Tulimpima sukari, ilikuwa chini, tukampa ya mshipani. Alipoweza kumeza vizuri tukampa chai ya moto yenye sukari nyingi. Mahali pasipo hospitali, mwenzake mkavu aingie naye ndani ya blanketi moja, kifua kwa kifua, kama mama anavyombeba mtoto njiti.

Wenzake walikuwa wametaka kumpa gongo. Pombe huleta hisia ya joto kwa sababu hufungua mishipa ya ngozi, yaani huligawa nje joto lililobaki ndani. Mmoja alikuwa amemsugua miguu kwa nguvu. Larrey, tabibu mashuhuri wa jeshi la Napoleon, aliyeshuhudia maangamizi ya Urusi mwaka 1812, alishauri kusugua kwa theluji, na ushauri huo ulidumu zaidi ya karne. Leo twajua kusugua huchana ngozi na tishu ambazo tayari zimeumia. Kiungo kilichoganda kweli huwekwa kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, na kama kuna uwezekano wa kuganda tena njiani, ni afadhali kisiyeyushwe kwanza. Na tahadhari moja inayotuhusu sana sisi watu wa mkaa: usiingize jiko la mkaa ndani ya hema au chumba kilichofungwa. Gesi yake haina harufu, na huua kundi zima usingizini.

Kijana alifungua macho karibu na alfajiri, akaanza kutetemeka tena. Nilihofu. Yule mama muuguzi aliniambia niache hofu, kwamba sasa ndipo mwili umepata nguvu ya kujitafutia joto, na alikuwa sahihi. Kipimo cha malaria kilirudi hakina kitu. Tangu hapo, katika kila wodi niliyofanya kazi, nimekuwa na kipimajoto kimoja kinachosoma hadi nyuzi 30, kimefungwa kwa uzi kwenye meza ya zamu, na mvua zikianza humkumbusha kila daktari mgeni mahali kilipo.